Maswali Yenu: Chumvi ya Bahari na Joto Linalojificha Ndani Yake

Tangu tugusie habari za chumvi zinazotunza joto, yaani zinazokaushwa kwa jua na kutoa joto zikirudishiwa maji, barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua saba, zile zilizofanana nimeziunganisha, na barua ndefu nimezifupisha bila kugusa swali lenyewe.

Shikamoo mhariri. Niko chuo mwaka wa kwanza. Nimesoma wasifu wa mwanasayansi mmoja, imeandikwa utafiti wake ni kemia ya bahari na maada za themokemia (vitu vinavyotunza na kutoa joto kwa njia ya kemia). Sasa hivi si vitu viwili tofauti kabisa? Kimoja ni maji ya bahari, kingine ni mambo ya joto. Mtu anawezaje kuvishika vyote viwili, au ni kujaza wasifu tu?

Marahaba mwanangu. Hapana, hajazi wasifu, na nafurahi umeuliza manake hili jambo mi nalipenda sana na nitalijibu kwa urefu.

Anza na kilo moja ya maji ya bahari. Ndani yake kuna chumvi za aina mbalimbali, jumla kama gramu 35. Sasa ukiambiwa uzipime utafanyaje? Akili ya kwanza inasema chemsha maji yaishe afu pima kilichobaki kwenye chombo. Inaonekana rahisi, ila haifanyi kazi, na iliwasumbua wanakemia wa bahari miaka mingi. Sababu ni kwamba kwenye kile kilichobaki kuna kloraidi ya magnesiamu, na hiyo chumvi haitaki kuachia maji yake. Ukipasha kidogo unakuwa bado unapima maji ukidhani ni chumvi. Ukiongeza moto ili maji yatoke kwa nguvu, chumvi yenyewe inaanza kuvunjika na klorini inaondoka hewani kama gesi ya asidi, kwahiyo hapo umepoteza kitu ambacho kilikuwa baharini tangu mwanzo. Moto mdogo unakudanganya, moto mkubwa nao unakudanganya.

Ndo maana mwaka 1902 mwanafizikia wa Denmark, Martin Knudsen, na wenzake walikausha sampuli zao kwa utaratibu mrefu na wa uangalifu mkubwa, joto likapandishwa mpaka nyuzi 480, wakairudishia kwa hesabu klorini iliyopotea, afu wakatoa kanuni ambayo inakuepusha na kukausha kabisa: pima klorini peke yake, zidisha kwa 1.805, ongeza 0.03, umepata kiwango cha chumvi kwa gramu kwenye kilo. Kanuni inawezekana kwasababu uwiano wa chumvi kubwa kubwa kwenye bahari ya wazi karibu haubadiliki popote uendapo, jambo ambalo mwanakemia William Dittmar alilithibitisha mwaka 1884 kwa sampuli 77 zilizoletwa na meli ya utafiti ya Challenger iliyozunguka dunia kati ya 1872 na 1876.

Sasa geuza upande wa pili. Ile chumvi sumbufu isiyotaka kuachia maji, mtu wa joto akiiona anaona mali. Kwanini? Kwasababu kama kuyatoa maji kunadai joto jingi, basi siku ukiirudishia maji, joto lile lile linarudi kwako. Yaani kero ya mwanakemia wa bahari na hazina ya mtu wa themokemia ni kitu kimoja, ni tabia ile ile ya ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya magnesiamu. Ioni hii ni ndogo na ina chaji mbili, inakusanya molekuli sita za maji kuizunguka na kuzibana kweli kweli. Joto linalotoka ioni ya magnesiamu ikikumbatiwa na maji ni karibu kilojuli 1,920 kwa moli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe), ya sodiamu ni kama 405 tu. Ndo maana hata ukikausha maji ya bahari juani, magnesiamu inabaki ya mwisho: kwanza inatoka kaboneti ya kalsiamu, maji yakishapungua mpaka kama moja ya tano inaanza jasi, yakifika kama moja ya kumi inaanza chumvi ya kula, na mwishoni kabisa yanabaki maji mazito machungu yenye magnesiamu ambayo hayataki kukauka.

Na usidhani hii ndoa ya bahari na joto ni fasheni ya juzi. Mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia, mwaka 1901, ni Mholanzi Jacobus Henricus van 't Hoff. Wengi tunamkumbuka kwa mlinganyo wake unaoonyesha jinsi joto linavyosogeza msawazo wa mmenyuko, yaani pale mmenyuko unapotulia, aliuweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1884. Wachache wanajua kwamba alipohamia Berlin mwaka 1896 alitumia zaidi ya miaka kumi akichunguza chumvi za Stassfurt, matabaka mazito chini ya ardhi ya Ujerumani yaliyoachwa na bahari ya kale iliyokauka. Swali lake lilikuwa moja: bahari ikikauka, chumvi ipi inatoka lini, kwa joto gani, na ikiwa imeshika maji kiasi gani?

Kitu alichokionyesha ndo kiini cha jibu langu kwako. Chukua salfeti ya sodiamu yenye molekuli kumi za maji. Peke yake inaachia maji yake kwenye nyuzi 32.4. Iweke ndani ya maji yaliyoshiba chumvi ya kula, sasa inaachia kwenye nyuzi 18 hivi. Chumvi ni ile ile, maji ni yale yale, kilichobadilika ni jirani, manake jirani naye anayataka maji. Baharini ioni zinagombania maji zenyewe kwa zenyewe. Kwenye chombo cha kutunza joto, chumvi inagombania maji na hewa. Ugomvi ni mmoja, na hesabu zake ni zile zile: milinganyo ambayo mwanakemia Kenneth Pitzer aliitoa mwaka 1973 kwa ajili ya miyeyuko mizito ya chumvi, Harvie, Møller na Weare waliitumia mwaka 1984 kukokotoa madini yanayotoka maji ya bahari yakikauka, na mtu anayetaka kujua kloraidi yake ya magnesiamu italowa kwenye hewa ya unyevu gani anaweza kukaa na milinganyo hiyo hiyo. Na kwa heshima ya kazi ya van 't Hoff kuna madini ya sodiamu na magnesiamu yanaitwa vanthoffite mpaka leo.

Kwahiyo huyo mwanasayansi uliyemsoma hajakaa kwenye viti viwili. Amekaa kwenye kimoja, sema kina madirisha mawili.

Mhariri salaam. Mi sio mtu wa sayansi ila niliipenda ile makala. Sijaelewa kitu kimoja: hiyo chumvi inatunzaje joto? Ina maana ukiiweka kwenye debe inakaa ya moto miezi sita?

Salaam sana dada. Hapana, haikai ya moto, inakaa baridi kabisa kama kitu kingine chochote chumbani, na hapo ndo uzuri wake ulipo.

Kama umewahi kuona fundi akizima chokaa, umeshaiona hii kitu kwa macho. Chokaa isiyozimwa imekaa kwenye mfuko, baridi, hata mwaka. Ikimwagiwa maji inachemka, inatoa mvuke, ukiigusa unaungua. Lile joto halikuwepo kwenye mfuko kama joto. Lilitumika siku ile mawe yalipochomwa kwenye tanuri, na sehemu yake ikabaki imejifungia ndani ya chokaa kama njaa ya maji. Ukiipa maji umelifungulia. (Chokaa kweli inachunguzwa kwa kazi hii, shida ni kwamba kuirudisha iwe haijazimwa kunataka nyuzi kama 500, jua la kwenye paa haliwezi.)

Sasa chumvi za bahari zinafanya mchezo huo huo kwa moto mdogo zaidi. Chukua ile chumvi ya haluli wanayoiuza dukani. Ni salfeti ya magnesiamu, na kila punje imebeba molekuli saba za maji, kiasi kwamba ukinunua kilo moja ya haluli zaidi ya nusu yake, gramu 512, ni maji. Haijalowa, imekauka inang'aa, ila maji yamo ndani ya fuwele yamepangwa kama matofali kwenye ukuta. Msimu wa jua unaipasha, maji yanatoka, unafunga chombo kisipitishe hewa. Msimu wa baridi unapitisha hewa yenye unyevu, chumvi inanyonya, joto linatoka.

Ukilinganisha na maji ya moto utaona kwanini watu wanahangaika. Mita moja ya ujazo ya maji ukiipandisha joto kwa nyuzi 50 inabeba kama gigajuli 0.2, afu inaanza kupoa saa hiyo hiyo hata uivishe blanketi gani. Haluli kwa hesabu ya karatasi inafika 2.8 kwa mita ya ujazo, na haipoi kwasababu hakuna cha kupoa. Nimesema hesabu ya karatasi, kwenye mtambo halisi inashuka sana, nitaeleza huko chini.

Kwani chumvi ya kawaida ya kula haiwezi kufanya hiyo kazi? Ni rahisi na ipo kila mahali.

Haiwezi. Chumvi ya kula kwenye joto la kawaida haijengi fuwele zenye maji ndani yake, kwahiyo hakuna cha kutoa wala kurudisha. Inafanya hivyo kwenye baridi tu, chini kidogo ya nyuzi 0.1, ndo unapata fuwele yenye molekuli mbili za maji, na kwenye barafu ya bahari hizo fuwele zinaanza kuonekana baridi ikifika kama nyuzi 23 chini ya sifuri. Na ile chumvi yako ya kula inayolowa kipindi cha unyevu mwingi, sehemu kubwa ya lawama sio yake. Yenyewe ikiwa safi inaanza kunyonya mpaka kuyeyuka hewa ikifika unyevu wa asilimia 75. Kloraidi ya magnesiamu iliyobaki humo kutoka baharini inaanza kwenye asilimia 33 tu, hiyo ndo inayolowesha wenzake.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Wanafunzi wangu waliniuliza kama kuna mtu aliyewahi kujenga nyumba ya hivi kweli, sio maabara. Nikakosa jibu.

Mwalimu, yupo, na naomba uwasimulie vizuri manake ni mtu ambaye alistahili kujulikana zaidi.

Anaitwa Mária Telkes, amezaliwa Budapest mwaka 1900, akahamia Marekani. Wakati wa vita kuu ya pili alibuni kifaa cha kwenye boti za kuokolea maisha, mfuko wa plastiki unaopulizwa na kuelea, jua linavukiza maji ya bahari ndani yake na mvuke ukipoa unakuwa maji ya kunywa. Baharia aliyezungukwa na maji asiyoweza kuyanywa anapata ya kunywa kwa jua tupu. Yaani hapo alikuwa anatoa maji kwenye chumvi.

Afu mwaka 1948, pale Dover, Massachusetts, akashirikiana na msanifu majengo Eleanor Raymond, na Amelia Peabody akatoa fedha, wakajenga nyumba inayopashwa joto na jua bila tanuru. Joto la mchana liliwekwa kwenye mapipa ya salfeti ya sodiamu yenye maji kumi, ile ile ya van 't Hoff, ile ile ya nyuzi 32.4. Mchana inayeyuka ndani ya maji yake yenyewe, usiku inaganda na kutoa joto, karibu kilojuli 250 kwa kila kilo. Familia ya binamu yake iliishi humo.

Ilikwenda vizuri majira ya baridi mawili. La tatu ikashindwa. Na sababu ya kushindwa ndo somo lenyewe darasani: ile chumvi haiyeyuki yote. Ikifika nyuzi 32.4 maji yanatoka, sehemu kubwa ya chumvi inayeyuka ndani yake, ila nyingine inabaki kama unga mkavu usio na maji, na huo unga ni mzito, unazama chini ya pipa. Joto likishuka, unga wa chini unataka maji yake lakini maji yako juu, katikati limeshajengeka tabaka la fuwele linazuia. Kila mzunguko unga wa chini unaongezeka, na joto unalopata linapungua. Juu ya hapo mapipa yakaota kutu na kuvuja.

Waulize wanafunzi: kwenye maji ya bahari yanayokauka nini kinatokea? Ni hicho hicho, chumvi inatoka inazama, inafunikwa na nyingine, na haikutani tena na maji yaliyoizaa. Matabaka ya Stassfurt yamejengeka hivyo. Kitu kilichojenga mwamba chini ya ardhi ndo kilichoua mapipa ya Dover. Telkes hakukata tamaa, aliendelea na chumvi hizo hizo miaka mingi, na mbinu ya kuchanganya boraksi kidogo ili chumvi ikumbuke kuganda kwa wakati ni yake.

Niwe mkweli kwako mwalimu: kitaalamu mapipa yake yalitunza joto kwa kuyeyuka na kuganda, wakati themokemia tunayoongelea leo maji yanatoka kabisa kama mvuke na kwenda zake. Ila mpaka kati ya hivyo viwili ni mwembamba, na waliokuja nyuma yake wamejifunza mengi kwenye yale mapipa.

Kama ni nzuri hivyo mbona hatuioni madukani? Kila mwaka tunasikia tu watafiti wamegundua.

Uchovu wako nauelewa na una haki nao. Shida zipo na ni za kweli, sio njama ya mtu.

Haluli kwanza, manake ndo kila mtu alianza nayo. Kwenye karatasi ni ya ajabu, kwenye chombo ni mvivu. Ukiikausha ikabaki na molekuli moja ya maji inageuka kuwa madini yanayoitwa kieserite, na hiyo kurudi ilipotoka inachukua muda na haikupi joto la juu la kutosha ukiwa na mvuke wa kawaida. Na hili sio geni! Van 't Hoff alikutana nalo kwenye chumvi za bahari: matabaka ya kale yamejaa kieserite, lakini maabara kwenye joto la kawaida inagoma kutoka, inatoka haluli badala yake ingawa msawazo unasema isiwe hivyo. Yaani uvivu wa haluli ulishaandikwa miaka mia moja na zaidi iliyopita na mtu wa bahari, na mi naamini kama watu wa joto wangekuwa wanasoma vitabu vya watu wa bahari mapema, muda mwingi ungeokolewa. Hapa ndo unaona faida ya mtu mmoja mwenye madirisha mawili.

Kloraidi ya magnesiamu yenyewe ni chapuchapu, inanyonya haraka, joto zuri. Ila ikizidishiwa unyevu inayeyuka kabisa inakuwa uji, unatiririka, unaziba njia za hewa, na ukigandisha tena unapata jiwe moja kubwa ambalo mvuke haupenyi. Afu ukiipasha sana inatoa ile gesi ya asidi niliyoitaja kwa Knudsen, na asidi inakula chuma. Kwahiyo una dirisha jembamba sana la kufanyia kazi, joto lisizidi, unyevu usizidi.

Kuna na hili ambalo huwa halisemwi waziwazi kwenye habari. Kila moli ya maji inayoingia kwenye chumvi inatoa kama kilojuli 50 mpaka 60. Lakini mvuke ukigeuka tu kuwa maji ya kawaida, bila chumvi yoyote, unatoa 44. Maana yake sehemu kubwa ya joto unalopata ni la mvuke, chumvi imeongezea kidogo juu, na kubwa inalofanya ni kukuwezesha kulipata kwenye joto la juu zaidi. Basi mvuke utoke wapi wakati wa baridi, hewa ikiwa kavu? Lazima uutengeneze kwa joto dogo kutoka mahali, mfano kutoka ardhini. Mtambo unaosahau kuhesabu hilo unaonekana wa maajabu kuliko ulivyo, ukisoma tangazo la mtambo wa hivi angalia kwanza kama wamesema mvuke unatoka wapi.

Na fuwele zenyewe zinavimba na kusinyaa kila mzunguko, zinapasuka, zinakuwa vumbi, na vumbi halipitishi hewa. Watu wanaichanganya chumvi na mawe yenye vitundu kama zeolaiti au wanaipaka kwenye kaboni, inasaidia, ila kila unachoongeza kinakula nafasi na ndo maana zile gigajuli 2.8 za haluli haziji.

Ila sio kwamba hakuna kinachosogea. Mwaka 2017 watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walipitia mamia ya mimenyuko ya chumvi na maji wakiuliza ipi inafaa nyumba ya kawaida, na iliyojitokeza kama ya kutumainiwa ni kaboneti ya potasiamu. Inashika molekuli moja na nusu tu ya maji, inabeba kama gigajuli 1.3 kwa mita ya ujazo, chini ya nusu ya haluli, lakini inafanya kazi kwa utulivu, haina asidi na haivimbi sana. Mi nilipoisoma ile kazi nilifurahi kwasababu walichagua inayovumilia badala ya inayong'aa.

Ndugu mhariri, mimi kazi yangu ni baharini. Naogopa mkishaanza kusema bahari ina utajiri wa magnesiamu na chumvi za joto, watakuja kuiharibu. Wamesahau bahari yenyewe inaumwa?

Hapana ndugu yangu, hawajasahau wote, na hofu yako ni ya maana.

Kuhusu magnesiamu, kuitoa baharini sio jambo la kesho, ilianza zamani. Januari 1941 kampuni ya Dow ilimimina mche wa kwanza wa chuma cha magnesiamu uliotoka kwenye maji ya bahari, pale Freeport, Texas, na chokaa waliyotumia ilitokana na makombe ya chaza waliyoyachoma. Unachanganya chokaa na maji ya bahari, haidroksaidi ya magnesiamu inajitenga nyeupe kama maziwa, inazama. Kilo moja ya maji ya bahari ina magnesiamu gramu 1.28 hivi, na bahari yote ni kubwa mno kiasi kwamba kuimaliza haiwezekani. Hatari iko kwenye kile kinachorudishwa, maji mazito ya chumvi kali yakimwagwa sehemu moja ufukweni yanazama na kukaa chini yakiua viumbe wa pale. Mahali sahihi pa kuchukulia ni maji machungu ambayo mashamba ya chumvi tayari yanayo na mara nyingi yanayamwaga tu, na hapo mwanakemia wa bahari ana la kusema kabla ya mwenye mtambo.

Kuhusu ugonjwa wa bahari, umeongea kweli. Bahari inameza karibu robo ya kaboni dayoksaidi tunayoitoa, na pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imeongezeka) ya maji ya juu imeshuka kutoka kama 8.2 mpaka 8.1 tangu viwanda vianze. Inaonekana ndogo, ila kipimo cha pH hakiendi kwa kujumlisha, kushuka huko ni ongezeko la asilimia kama 30 la ioni za haidrojeni. Mmenyuko ni huu: kaboneti, kaboni dayoksaidi na maji vinaungana vinakuwa baikaboneti. Kaboneti ndo chaza na matumbawe wanayojengea, ikipungua wanahangaika.

Na sasa utashangaa. Ile kaboneti ya potasiamu ya Eindhoven, hewa ikipita juu yake, ina ugonjwa huo huo: kaboni dayoksaidi ya hewani inaigeuza taratibu kuwa baikaboneti na uwezo wake wa kutunza joto unashuka. Kwenye chombo unaweza kuipasha zaidi, gesi ikatoka, ikapona. Bahari hatuwezi kuipasha ipone, na kwa kweli tunaipasha tayari, zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia limeingia humo. Ndo sababu moja ya mimi kutaka hizi chumvi zifanye kazi majumbani: kila joto la jua lililotunzwa ni mafuta ambayo hayakuchomwa.

Nataka kufanya utafiti wa hivi lakini shuleni kwetu hatuna mashine. Naanzia wapi?

Anza na mizani na mrututu. Mrututu ule wa bluu ni salfeti ya kopa yenye molekuli tano za maji, asilimia 36 ya uzito wake ni maji. Pima gramu kumi, pasha polepole kwenye moto mdogo mbele ya mwalimu wako, vaa miwani, usiulambe wala kuvuta vumbi lake manake ni sumu. Utaona unageuka mweupe. Pima tena, andika, pasha, pima, mpaka uzito usibadilike, inatakiwa ubaki na kama gramu 6.4. Uache upoe kabisa, weka kipimajoto ndani, dondoshea maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake, uone rangi ya bluu inarudi na zebaki inapanda. Andika joto kila sekunde kumi.

Afu rudia mara kumi na unga ule ule. Ukiona mzunguko wa kumi umepungua nguvu kuliko wa kwanza, andika kwenye daftari umepungua kwa kiasi gani, uangalie na punje zenyewe kwa lensi zimekuwaje. Ukimaliza nitumie namba zako zote, hata zile unazodhani umekosea.